Kifurushi, Dirisha la Nne

Karani wa Posta, Nakuru, dirisha la nne,
anauliza kuna nini ndani.
Sijui, namwambia.
Anakigonga muhuri kama anayeua nzi.
Ushuru, mia saba na hamsini.
Natoa pesa ya gesi.

Kimetoka Battambang, Kambodia,
kwenye shule iliyokaa ghorofani, juu ya gereji ya pikipiki:
wanafunzi ishirini na watatu, bendera tisa,
na Mchungaji Arnel, mkuu wa shule, mpiga gitaa,
na kila Ijumaa, mpiga deki.
Baba Nasambu alifundisha hesabu pale miaka mitatu.
Ukuta baina yake na darasa la Biblia ulikuwa wa plaiwudi,
kwa hiyo mwanangu alijifunza Zaburi na sehemu kwa pamoja,
na hata leo akisali, husema amina
kama anayepigia jibu mstari.

Usinifanye niseme kilikuwa kipande cha mbingu.
Miezi minne ya mwisho tulilipwa mchele na maombi.
Hasira yangu ilinenepa kwa mchele ule.
Kutoka Kimilili walipiga simu: ninyi mko ng'ambo,
tumeni basi hata bati ishirini.
Nami nimeinamia sufuria, nasonga ugali wa unga wa mchele,
unaniteleza mwikoni
kama samaki asiyetaka kuuzwa.

Lakini asubuhi Nasambu alipochelewa
shule nzima ilimngoja. Nasema nzima.
Gitaa lilikaa pajani mpaka viatu vyake vikasikika ngazini.
Darasa lao lilikuwa la watatu: yeye, Hae-in wa Korea,
na Dara, mtoto wa fundi wa chini, aliyenukia grisi na sabuni.
Mmoja akiugua,
theluthi ya darasa imeugua.

Siku ya mataifa waliniomba bendera.
Hakuna duka kule linalouza Kenya.
Nyeusi niliikata kwenye mwavuli,
nyekundu, joho langu la kwaya,
kijani, pazia la ofisi (Mchungaji alilichomoa mwenyewe),
na ile mistari myembamba myeupe, foronya.
Ngao aliichora Nasambu. Mikuki yake
ilifanana na vijiti vya kulia tambi.
Wakaitundika. Hakuna aliyecheka.

Sasa tuko Kiamunyi. Darasani wako sitini na wanne.
Ananyosha mkono, anauacha hewani
mpaka kengele inalia.
Kule waliuliza kama nywele zake zinauma.
Hapa wamemtazama mdomoni, wakasema:
meno yako si ya hapa.
Kweli. Maji ya Nakuru hayajayatia kahawia.
Juzi nilimkuta bombani,
kikombe cha tatu, cha nne,
wala hakuwa na kiu.

Nyumbani nakifungua kwa kisu cha sukuma.
Barua ni fupi. Shule imefungwa,
mwenye jengo anapanua gereji,
kila bendera tumeirudisha kwa mwenyewe.
Kuhusu miezi minne, kimya.
Naikunjua mezani. Inanuka oili ya injini,
inanuka ule unyevu wa Septemba uliotia ukungu mikoba yetu.
Nyuma yake wameandika majina kwa kalamu ya wino, ishirini na mawili.
Nasambu anayasoma moja moja kwa sauti,
kisha anatulia kidogo,
kisha anasema lake.

Na pale foronya ilipochanika, mtu ameshona,
mishono mikubwa, mkono usioijua sindano,
kwa uzi wa buluu. Mimi sikuwahi kuwa na uzi wa buluu.
Baba yake anaihesabu mishono, maana ndivyo alivyo.
Kumi na saba, anasema, na mmoja umerukwa.
Nasambu hahesabu. Anaweka kidole juu ya ule uzi, anausugua.
"Ni Dara," anasema.
"Huu ni wa viti vya pikipiki."